Nina presha, na CRP imekuja na nyota nyekundu: je, mishipa yangu imeziba?

"Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, niko Wete, Pemba, nina miaka 51. Presha ninayo mwaka wa sita sasa, natumia amlodipini miligramu 5 kila asubuhi. Kaka yangu aliyeko Maskati alinilipia vipimo vya damu kwenye maabara moja Unguja, nikavuka kwa boti nikapima. Karatasi ina mistari karibu thelathini. Nyota nyekundu ziko mbili: CRP 7.8 na homosisteini 17. Mengine hayana nyota: lehemu yote 5.6, HDL 1.1, LDL 3.6, traigliseridi 2.0, kreatinini 88, sukari kabla ya kula 5.4. Presha siku ile ilikuwa 152 kwa 94. Wiki hiyo jino la gego lilinisumbua sana, nikawa nameza dawa za maumivu, na bado linauma. Jirani ananiambia CRP ikipanda ndiyo mishipa imeziba, nifanye hijama na ninywe thomu na ndimu kusafisha. Kaka anataka kunilipia vipimo vikubwa zaidi, apoB na Lp(a). Baba yetu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 53. Tangu nipate karatasi hii silali. Je, mishipa yangu imeziba?"

Waalaykumu salaam, mwalimu. Nimeisoma karatasi yako mstari kwa mstari, na kabla ya yote nataka usiku wa leo ulale. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema kwamba mshipa wa mtu umeziba. CRP, protini ya damu nitakayoieleza chini, haiwezi, lehemu haiwezi, na hivyo vipimo vikubwa anavyotaka kukulipia kaka yako navyo haviwezi. Damu inatueleza hatari, yaani uwezekano wa mishipa kuharibika miaka ijayo, na mara nyingine inatuonyesha kinachoiharibu. Anayetaka kujua kama mshipa umebana hana budi autazame mshipa wenyewe, na hilo nitalifikia.

Ila sitakuficha: karatasi hii ina mambo ya kushughulikiwa. Hayamo kwenye nyota. Yamo kwenye mistari ambayo haikupigwa nyota, na kwenye ile namba ya presha uliyoitaja kwa kupita tu.

Wewe unasahihisha madaftari, utanielewa haraka. Kwa vipimo vingi, maabara hupata mipaka ya "kawaida" kwa kupima watu wengi wanaoonekana wazima, kisha huchukua asilimia 95 ya walio katikati. Aliye nje ya hapo anapigwa nyota. Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye afya tele akipima vitu thelathini anaweza kutoka na nyota moja au mbili kwa bahati tu. Upande wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Darasa zima likifeli hesabu, mtoto wa katikati bado ni wa katikati, lakini hesabu haijui. LDL, ile lehemu inayonasa kwenye mishipa, hata ikiitwa ya kawaida kwa watu wote si lazima iwe salama kwa mama wa miaka 51 mwenye presha, ambaye baba yake aliondoka kwa kiharusi na miaka 53. Mashine ya maabara haikuwa na habari za baba yako. Haikujua hata kama una presha.

Sasa tuingie ndani ya mshipa. Ateri imetandikwa ndani kwa safu moja tu ya seli, nyororo, na safu hiyo ina kazi kubwa: inauamuru mshipa utanuke au ubane, na inazuia damu isigande ovyo. Presha ikikaa juu kwa miaka, safu hii hupigwa usiku na mchana, hasa kwenye njia panda ambapo mshipa unagawanyika, shingoni, kwenye moyo, kwenye nyonga. Pale inapochoka, chembe za LDL hupenya na kunasa ndani ya ukuta. Seli za kinga zinakuja kuzila, zinakula mpaka zinavimba na kufia papo hapo, na mabaki yake yanakusanyika. Jina la kitabibu la kitu hicho linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uji, na mfano wenyewe unafaa. Uji ulioachwa ukapoa hushika utando juu. Utando ukiwa mgumu, mtu anaweza kuishi na uji huo miaka mingi asijue. Utando ukipasuka, damu inaugusa uji, inaganda, na ndani ya dakika chache mshipa uliokuwa umebana nusu unafungika wote. Ukiwa mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ukiwa wa ubongo, ni kiharusi. Na presha ina njia yake ya pili ambayo haihitaji uji wowote: inaweza kukipasua kimshipa kidogo cha ubongo kikavuja damu.

Zingatia kwamba uchafu huo umo ndani ya ukuta wa mshipa. Haukushika juu kama ukoko kwenye sufuria, ukangoja kusuguliwa.

Tuje kwenye CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapokuwa na mchochota, ile hali ya kuwaka na kuvimba unapopambana na vijidudu au jeraha. Iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mafua huipandisha, malaria huipandisha, kidonda cha mguu huipandisha, na uzito wa tumboni nao huifanya ikae juu kidogo siku zote. Inapanda ndani ya saa chache, na chanzo kikiondoka hupungua kwa nusu karibu kila siku inayopita. Rudi kwenye barua yako mwenyewe: ulikwenda kutolewa damu ukiwa na gego linalouma kiasi cha kumeza dawa. Mimi nyota hii naisoma kama jino mpaka itakapothibitika vinginevyo.

Kwa hesabu ya moyo tunatumia CRP ya kipimo nyeti. Chini ya 1 hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, juu ya 3 ni kubwa zaidi, na ikizidi 10 tunaiweka kando kwa sababu inazungumzia maradhi mengine. Namba hizo zina maana kwa mtu asiye na homa, jino wala kidonda. Kwa hiyo tibu jino, ngoja wiki tatu baada ya kupona, ndipo urudie. Ikibaki juu ya 3, daktari ataihesabu kama uzito mmoja zaidi kwenye mizani. Haitakuwa hukumu hata hapo, kwani uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba watu waliozaliwa na CRP ya juu hawaugui moyo zaidi kwa sababu ya CRP yenyewe. CRP ni moshi. Moto uko kwingine, na safari hii nadhani uko kwenye ufizi wako.

Na hizo dawa za maumivu ndizo zilizonishtua kuliko nyota. Kama zilikuwa diklofenaki au ibuprofeni, ambazo duka lolote la dawa litakupa bila kuuliza, basi jua kwamba zinapandisha presha, zinaufanya mwili ushike chumvi na maji, na zinaichosha figo. Huenda sehemu ya ile 152 ilitoka humo. Huenda hata kreatinini, ile taka ambayo figo huitoa kwenye damu. Kwa mwenye presha, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo ya kukimbilia kwanza, na dawa halisi ya jino ni daktari wa meno.

Homosisteini, kemikali nyingine ya damu, imepita mpaka wa 15 kwa kidogo: yako ni 17. Hupanda mtu akipungukiwa na foliki au vitamini B12, na hupanda figo ikilegea. Zamani tulidhani tukiishusha kwa vitamini tutazuia mshtuko wa moyo. Majaribio makubwa yalipofanywa, mshtuko wa moyo haukupungua. Kuna jambo moja zuri hata hivyo. Nchini China, matokeo ya utafiti yaliyotoka mwaka 2015 yalihusu watu 20,702 wenye presha: nusu walipewa dawa ya presha peke yake, nusu dawa ileile pamoja na asidi ya foliki. Viharusi vilitokea kwa asilimia 3.4 ya kundi la kwanza na asilimia 2.7 ya la pili. Hao walikuwa watu ambao unga wao haukuongezwa foliki. Kwako ningependa B12 ipimwe, na mchicha, kisamvu, matembele na kunde zisikose mezani. Kidonge cha foliki ni cha bei ndogo, ila B12 iangaliwe kwanza, kwa sababu foliki inaweza kuficha dalili za upungufu wake huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia.

Sasa chukua kalamu. Toa HDL, ile iitwayo lehemu nzuri, kwenye lehemu yote: 5.6 toa 1.1, unabaki na 4.5. Namba hiyo hukuandikiwa kwenye karatasi, lakini inakusanya chembe zote zinazoweza kunasa ukutani, LDL na wenzake, na haihitaji hata kufunga kula. Kwako ni ya juu. LDL 3.6 nayo ni ya juu kwa mwenye presha na historia kama yako, hata kama mashine haikuipiga nyota. Traigliseridi 2.0, yaani mafuta mengine ya damu, na HDL iliyolegea mara nyingi zinasema wali mwingi, chai ya sukari nyingi na mwendo mdogo.

Je, unahitaji statini, dawa ya kushusha lehemu? Kuna utafiti uitwao ASCOT, wa mwaka 2003, uliowachukua watu 10,305 wenye presha ambao lehemu yao ilikuwa 6.5 au chini, watu ambao wengi wao wangeambiwa karatasi yao ni nzuri. Waliopewa atovastatini miligramu 10 walipata mshtuko wa moyo pungufu kwa zaidi ya theluthi, mpaka jaribio likasimamishwa mapema. Lakini wengi walikuwa wanaume, Wazungu, na kila mmoja alikuwa na vihatarishi vingine visivyopungua vitatu. Kwa wanawake wa utafiti ule faida haikuonekana wazi, kwa kuwa walikuwa wachache. Tafiti nyingi zilipokuja kuunganishwa baadaye ilionekana kwamba mwanamke mwenye hatari sawa na mwanamume hufaidika karibu sawa naye, na kwamba LDL ikishuka kwa 1 hatari hupungua kwa kama moja ya tano.

Rai yangu kwako ni hii: uamuzi wa statini usifanyike leo, ufanyike ukiwa na daktari mbele yako baada ya mambo mawili kujulikana, mkojo wako na presha yako halisi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za hatari, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki una ya kwake. Daktari huweka umri, jinsia, presha, sukari, sigara na lehemu, akapata hatari ya miaka kumi. Ipo hata chati isiyotaka damu, inatumia uzito na urefu badala ya lehemu. Ukianza statini, maumivu ya misuli yanaweza kutokea, ingawa ni machache kuliko yanavyosimuliwa, na sukari inaweza kupanda kidogo. Mtaje daktari amlodipini, maana haiendi vizuri na simvastatini ya dozi kubwa. Na balungi usile kwa wingi ukiwa kwenye simvastatini au atovastatini.

Kreatinini 88 haikupigwa nyota. Ukiiingiza kwenye kanuni pamoja na umri na jinsia yako, figo zinachuja kama mililita 68 kwa dakika, wakati tungependa 90 na kuendelea. Hiyo peke yake si ugonjwa, na huenda ni zile dawa za jino. Lakini ndiyo sababu nashangaa kwamba katika mistari thelathini hakuna hata mmoja wa mkojo. Kwa mwenye presha, kipimo ninachokithamini kuliko CRP na homosisteini zote mbili ni uwiano wa albumini, protini ya damu, na kreatinini kwenye mkojo wa asubuhi. Ile safu nyororo niliyokueleza ipo pia kwenye vichujio vya figo. Ikichoka, albumini huvuja. Chini ya 3 kwa vipimo vya mmol ni salama. Ikizidi hapo na ikarudiwa ikabaki hivyo, tunajua mishipa imeanza kuumia, na tunajua dawa ya kuongeza: losartani au jamaa zake, ambazo huilinda figo. Zikianzishwa, kreatinini na potasiamu zirudiwe baada ya wiki mbili hivi. Na kama hedhi yako bado haijakatika, sema, kwa sababu dawa hizo hazifai kabisa kwa mjamzito.

Kaka yako Mungu amlipe, anakupenda. Kati ya viwili anavyotaka kulipia, apoB, protini iliyo juu ya chembe zinazonasa ukutani, ingesema karibu yaleyale uliyoyapata kwa kalamu yako. Lp(a), chembe inayofanana na LDL, ina hoja zaidi. Inarithiwa, sisi wenye asili ya Afrika kwa wastani tunayo ya juu zaidi, chakula na mazoezi haviishushi, na inatosha kupimwa mara moja maishani. Kwa sababu ya baba yenu, ikizidi 125 kwa vipimo vya nmol itakuwa sababu ya kuwa wakali zaidi na LDL na presha. Lakini kama fedha ni za kuchagua, mwambie akununulie kwanza mashine ya kupimia presha, ya mkono wa juu, yenye mkanda unaokutosha.

Maana namba kubwa kuliko zote katika barua yako ni 152 kwa 94. Ile namba ya juu ya presha ikishuka kwa 10 tu, kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo. Hakuna nyota kwenye karatasi yako yenye nguvu hiyo. Kwanza lakini tuhakikishe ni ya kweli. Nimeyaona mara nyingi: mama anashuka garini, anaingia anahema, anakaa ukingoni mwa kiti miguu amepishanisha, mkanda unafungwa juu ya mkono wa baibui, na huku anaulizwa habari za watoto naye anajibu. Presha hiyo ni ya safari na mazungumzo. Nyumbani, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Pima mara mbili asubuhi kabla ya kidonge na mara mbili jioni, kwa siku saba, andika zote, siku ya kwanza iache, nyingine toa wastani. Ukizidi 135 kwa 85, amlodipini 5 haikutoshi. Mara nyingi kuongeza dawa ya pili kwa dozi ndogo hushusha zaidi kuliko kuongeza ileile mpaka 10, ambayo wengi huwavimbisha vifundo vya miguu.

Hijama naiheshimu, na siwezi kumkataza Muislamu jambo analolifanya kwa imani yake. Ninalokwambia ni la kitabibu: damu ile hutoka kwenye vimishipa vya ngozi, na uji uliomo ndani ya ukuta wa ateri hauguswi. Ukifanya, wembe uwe mpya, kwa sababu homa ya ini aina ya B hupita hapo, na kidonge chako usikiache siku hiyo. Thomu hushusha presha kidogo, kwenye mchuzi karibu sana. Jirani hakukosea kukuhurumia, amekosea mahali uchafu ulipo.

Jikoni ningeanza na chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa kila kitu, na chumvi yetu imejificha: ng'onda, achari, vidonge vya kukolezea mchuzi, bajia za kwenye urojo. Ng'onda ikilowekwa na maji yakamwagwa mara mbili, nyingi hutoka. Mafuta ya nazi, ambayo yamo kwenye tui, hupandisha LDL, huo ndio ukweli, ila sikuambii mpunga na nazi viondoke Pemba. Tumia tui jepesi, siku nyingine pika kwa mafuta ya alizeti, na samaki wa kuchoma au kupaka kidogo awe wa kila siku kuliko wa kukaanga kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangia mara tatu.

Kuhusu kuziba kwenyewe, jiulize kuhusu miguu: ukitembea au ukipanda mlima, je, kigimbi cha mguu hubana mpaka usimame, kisha huachia ukipumzika? Kama ndiyo, omba wapime presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, wagawanye ya kwanza kwa ya pili. Ikiwa chini ya 0.9, mshipa wa mguu umebana. Ni kipimo kisicho na sindano. Mguu mmoja kuwa baridi ghafla au kidonda cha mguu kisichopona usivingojee kliniki ya mwezi ujao.

Na haya ni ya dakika hiyohiyo, hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee Mkoani: kifua kubana kama kimekandamizwa, jasho baridi, pumzi kukata, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika, jicho kutoona ghafla, au presha ya 180 kwa 120 ikiambatana na lolote kati ya hayo. Usingoje boti ya asubuhi kwenda Unguja, na usilale ukitarajia itapita.

Nyingine zote zina nafasi. Nenda kliniki ya presha na karatasi hii, na pakiti tupu za dawa zote ulizomeza, pamoja na zile za maumivu, na daftari la siku saba. Waambie kuhusu baba. Waombe kipimo cha mkojo. Na jino hilo, mwalimu, lionwe wiki hii.